Tupeane uzoefu: uliyewahi kuingia darasani kufanya utafiti wa Kiingereza au fasihi, kilikukuta nini?

Mgosi wa Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita steshonari moja hapa mjini Tanga nikamkuta dogo anabaindi ripoti yake, nikachungulia jalada, ufundishaji wa ufahamu kidato cha pili, nikacheka peke yangu mpaka mwenye mashine akaniuliza vipi mzee. Na mimi nilipita humo humo.

Mnaojua mnajua. Barua ya chuo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa mkoa, anakuandikia nyingine ya Mkurugenzi, Mkurugenzi anakuandikia nyingine ya mkuu wa shule, na mkuu wa shule anakwambia njoo Alhamisi ili mwalimu wa somo ajiandae. Kwenye "ajiandae" ndipo utafiti wangu ulipofia. Nilikuwa naangalia kipindi cha Kiingereza kinaendeshwa kwa lugha gani, mwalimu anaingiza Kiswahili wakati gani na watoto wanauliza kwa lugha ipi. Nimekaa nyuma na daftari langu, somo linatiririka, Kiingereza mwanzo mwisho, mikono juu darasa zima, nikasema mbona watu wanazisema vibaya shule za kata. Mwalimu akauliza swali la pili. Kikainuka kitoto dawati la dirishani kikajibu, jibu limenyooka kabisa, ila lilikuwa la swali la nne. Darasa kimya. Mwalimu akanitazama mimi, mimi nikatazama daftari.

Kesho yake nikapita bila miadi, nikasimama nje chini ya mwembe, mwalimu yule yule, darasa lile lile, Kiswahili kwa wingi na Kiingereza cha hapa na pale, watoto wanabishana naye hadi raha. Nikampelekea supavaiza maelezo ya siku zote mbili, akasema ya mwembeni haina ridhaa, futa. Kwa hiyo ripoti yangu iliyoko maktaba mpaka leo inasema Kiingereza kinatumika kikamilifu. Labov, yule mtaalamu wa isimujamii wa Marekani, aliliandika hili tangu 1972, kwamba tunataka kujua watu wanavyoongea wasipotazamwa, na namna ya kulijua ni kuwatazama. Mimi nililiona live.

Tiririkeni.

Chumvi ya Sahare
Umenikumbusha mbali mkuu. Hilo la swali la nne limeniua 😂

Ticha wa Pongwe
Mnacheka sana. Mimi ndiye huyo mwalimu, sio huyo wako lakini ni huyo huyo, mnanielewa. Mtafiti anakuja na hojaji ya kurasa sita siku nina madaftari ya mikondo mitatu mezani, anataka nijaze nakubali sana, nakubali, sina uhakika, na anazitaka kabla basi lake halijaondoka. Mtoto kasoma shule ya msingi yote hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, anaingia form one anakuta Biology na Geography zote zimegeuka, anapewa zile wiki chache za baseline, kozi ya kumzoesha Kiingereza, halafu mtu anakaa nyuma anaandika mwalimu hana umahiri. Nikitumia Kiswahili nimekiuka mwongozo, nisipotumia naongea na ukuta. Mnaigiziwa kwa sababu mnakuja na sura za wakaguzi. Na ripoti zenyewe hatuletewi hata moja, tunasikia tu zimepata A.

Mchambuzi Huru
Ticha uko sahihi, ila tuseme ukweli, utafiti umeshafanyika mpaka basi. 1982 Tume ya Makweta, ile ya rais kuhusu elimu, ilishapendekeza Kiswahili kipandishwe kifundishie hadi sekondari. 1984 wakaja Criper na Dodd kutoka Uingereza, wakapima wanafunzi, wakakuta kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho mtu angestahili KUANZA kusomeshwa kwa Kiingereza, yaani wanaobaki wanamaliza safari hata kituoni hawajafika. Halafu ripoti hiyo hiyo ikashauri Kiingereza kiendelee, na mradi wa kukiimarisha kwa hela za Mwingereza ukaja nyuma yake. Kuanzia 2002 watafiti wakina Brock-Utne na Qorro na mradi wao wa LOITASA, wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, wakalinganisha somo moja kwa lugha mbili, waliofundishwa kwa Kiswahili ndio wakaonekana wanaelewa na wanaongea. Sera ya 2014 ikaziruhusu zote mbili. Haya, huko Pongwe kimebadilika nini?

Mtoto wa Raskazone
Wanaopigania Kiswahili asubuhi watoto wao wanapanda school bus ya njano. Nimemaliza.

Mchambuzi Huru
Wangu yuko shule ya serikali Makorora. Leta lingine.

Mtoto wa Raskazone
Darasa la ngapi?

Mchambuzi Huru
Chekechea.

Chumvi ya Sahare
😂😂😂 huyu bado hajaonja

Kijana wa Usagara
Turudi kwenye mada. Mimi ni upande wa uchambuzi. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi 2021 ghafla chuo kizima tukawa wataalamu wa Gurnah, vitabu vyenyewe hakuna, riwaya nzima inazunguka kwa madesa ya fotokopi kurasa zingine zimeliwa pembeni. Nikachukua riwaya yake ya Paradise, ile ya 1994, yule Yusuf anaondoka kwao na Ami Aziz akidhani anakwenda kutembea kwa mjomba, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Nikaandika sura nzima jinsi mwandishi anavyomficha msomaji lile neno rehani, anakuachia ujue taratibu kama Yusuf mwenyewe. Ikarudi na kalamu nyekundu: nadharia iko wapi? Basi nikamtia Edward Said na kitabu chake cha Orientalism, 1978, nikampa kurasa kadhaa sura ya pili, na humo humo sura ya pili ndimo alimobaki, sura ya nne hayumo, ya tano hayumo, hakuna aliyeuliza kaenda wapi.

Kilichoniuma ni kingine. Nilimsimulia babu yangu hapa Tanga kile kisa, akanyamaza, halafu akanitajia nyumba fulani mtaani kwao zamani ambayo mtoto wao mmoja alifika kwa njia hiyo hiyo, deni. Nikaiweka kwenye rasimu kama kidokezo. Futa, maneno ya babu si fasihi.

Bi Mkunde
Mbona kila mtu kitamu chake ndicho kilichofutwa?

Dada wa Mkoma
Nasoma kimya kimya toka jioni lakini hapo kwenye kufutwa mmenigusa. Itakuwa ndefu mnisamehe.

Mimi sikuangalia mwalimu anafundishaje, niliangalia wanafunzi wa form three wanasomaje tamthiliya, shule moja ya huku kwetu Pangani. Nadharia ilikuwa ya Louise Rosenblatt wa Marekani, kwamba maana haiko kitabuni peke yake wala kichwani mwa msomaji peke yake, inazaliwa wanapokutana. Kitabu ni cha Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, Three Suitors: One Husband, waliokisoma wanakumbuka, Juliette karudi kutoka shule anakuta baba yake Atangana kashapokea faranga laki moja za Ndi mkulima, na anapokea tena laki mbili za Mbia mtumishi wa serikali, na moyo wa mtoto uko kwa Oko ambaye hana kitu. Nikawagawia vidaftari, kila baada ya kipindi andika ulichowaza, lugha yoyote, hakuna vema wala kosa.

Mwanzo wote waliandika Kiingereza na wote waliandika kitu kimoja, "The playwright has succeeded to show the position of women in the society", neno kwa neno mpaka koma, kumbe kuna desa moja linazunguka darasani. Nikawakumbusha tena, lugha yoyote jamani. Akaanza mmoja kwa Kiswahili, wakafuata. Ndipo nikaona watu wamesoma kitabu! Mvulana mmoja kajaza kurasa anamtetea Ndi, kwamba mkulima kaleta jasho lake mapema tena kwa adabu, kwa nini sisi tunamcheka na mwandishi anatuchekesha kwa mgongo wake. Tafuta desa lolote lenye hilo.

Sasa kuna binti anakaa mbele, haongei, daftari lake nusu ukurasa nusu ukurasa. Siku tumesoma pale Juliette anapoziiba zile laki tatu anampa Oko aje azitoe kama mahari, darasa linapiga madawati kwa kucheka. Usiku nasoma madaftari kwa tochi ya simu, umeme hakuna, nafika la kwake. Kaandika hivi: "Juliette alikuwa na bahati, hela zilikuwa bado zipo ndani. Zangu baba ameshanunulia mashine ya boti. Mimi nitaiba nini?"

Na mimi nimesaini fomu, wao wamesaini, mkuu wa shule kasaini, kwamba yaliyomo mle hayasomwi na mwingine.

Ngoja niwawekee watoto chakula narudi.

Chumvi ya Sahare
Dada usitufanyie hivyo

Mgosi wa Ngamiani
Nimeagiza kahawa na kashata, siondoki hapa.

Kijana wa Usagara
Kimaadili ya utafiti mikono yako imefungwa. Ukivunja siri ya mmoja, kesho hakuna mwanafunzi wilaya nzima atakayemwandikia mtafiti ukweli.

Ticha wa Pongwe
Siri gani na mtoto wa form three anaozwa? Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kumwoa mwanafunzi ni jela miaka 30, na anayesaidia naye ana kesi yake. Hiyo fomu yenu ya chuo iko juu ya sheria ya nchi? Ndio maana nasema watafiti mnatuona sisi na watoto wetu ni data tu.

Kijana wa Usagara
Usinitukane mwalimu, sijasema aozwe.

Mtoto wa Raskazone
Na baba akifungwa anayebaki kuwalisha wadogo zake ni fomu au sheria?

Bi Mkunde
Nyamazeni tumsubiri mwenye kisa.

Dada wa Mkoma
Nimerudi. Asubuhi sikwenda ofisini, nilimtafuta yeye kwanza, tukakaa nyuma ya jiko la shule, nikamuuliza unataka nani ajue. Akasema mtu yeyote ila sio mkuu wa shule, yule anavua na baba. Ona, ningekimbilia ofisini ingekuwaje. Akamtaja mwalimu mmoja wa kike wa Kiswahili. Huyo mama ndiye aliyeibeba kazi, akampeleka kwa afisa ustawi wa jamii wilayani, baba akaitwa, wakaitwa na wazee, kukawa na maneno makali sana siku hiyo ambayo siyaandiki hapa. Polisi haikufika, wengine mtanilaumu. Mwenye mahari alirudishiwa kwa mafungu na ile mashine iko baharini mpaka leo. Binti alihamia kwa shangazi yake Korogwe, nilipata salamu kwamba form four alimaliza.

Chuoni nikaambiwa nimeingilia data, niondoe kurasa zake. Za kwake niliziondoa, ni haki yake. Lakini wakataka niondoe na madaftari yote ya Kiswahili, eti mada ni fasihi ya Kiingereza na majibu ya Kiswahili sio ushahidi wa kuielewa. Hapo niligoma. Ushahidi wenyewe ndio huo, desa walikariri kwa Kiingereza, kitabu walikielewa kwa Kiswahili. Tulivutana hadi nikapitwa na mahafali. Mwishowe yakabaki kama kiambatisho, nyuma kabisa, baada ya bajeti.

Mgosi wa Ngamiani
Baada ya bajeti 😭 dada pokea heshima yako.

Kijana wa Usagara
Kumuuliza yeye kwanza nani ajue, hilo sikuliwaza. Nimejifunza kitu. Ila la polisi bado nina neno nalo.

Ticha wa Pongwe
Na mimi nina neno nalo, kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Daktari wa Data
Habari wakuu, nafanya data analysis kwa programu za SPSS na NVivo, narekebisha na sura ya nne, bei maelewano, karibuni inbox.

Mchambuzi Huru
Kumbe ndio wewe.

Bi Mkunde
Kwa wanaojiandaa, ushauri wangu: msipange kuingia darasani Ijumaa huku Tanga, saa tano wengi mawazo yako msikitini na vipindi vinakatwa. Na pelekeni soda, mwalimu ni mgeni wako pia.

Mtoto wa Raskazone
Msipeleke soda. Ukipeleka unajaziwa nakubali sana kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho.

Chumvi ya Sahare
Peleka baada ya kujaziwa. Tumia akili.

Mgosi wa Ngamiani
Rekodi sauti, mkono hauwezi kuandika kasi ya darasa.

Dada wa Mkoma
Ukiweka kirekodio mezani watoto wananyamaza. Mimi daftari tu.

Mwanachuo 3rd year
Shikamooni wote. Mimi ndio niko hatua hiyo, barua za mkoa na jiji ninazo, mada yangu ni wanafunzi wanauliza maswali kwa lugha gani kipindi cha fasihi form three. Shule niliyopangiwa iko njia ya Pongwe, nataka kwenda Jumatatu niangalie vipindi vitatu nimalize wiki hiyo hiyo. Inatosha?

Ticha wa Pongwe
Marahaba. Jumatatu usije, mock ya mkoa inaanza na form three wote watakuwa wanapisha vyumba. Njoo wiki inayofuata, na wiki nzima ya kwanza usiandike chochote, kaa, sahihisha nao madaftari, shika chaki kipindi kimoja watoto wakuzoee wakucheke. Wakishakuzoea ndio ufungue daftari. Vipindi vitatu utaondoka na maigizo.

Mwanachuo 3rd year
Lakini mwalimu, chuo kimetupa wiki mbili za kukusanya data na bumu lenyewe, hela ya mkopo, limeisha.

Ticha wa Pongwe
Chumba cha walimu wapya kina kitanda kitupu, njoo na neti yako. Na ripoti ikitoka nataka nakala, ya karatasi.