Naomba ushauri: kuandika skripti ya katuni na kupanga kurasa

Wakuu, habari zenu. Kuchora najimudu, kuandika ndiko kunakonishinda. Nina hadithi ya kurasa 24, na ukurasa wa 5 nimeshaufuta mara tatu: fremu tisa, maputo ya maneno yamejaa hadi sura ya mhusika haionekani! Rafiki kanishauri nichore kwanza vijipicha vya kila ukurasa, na tukio la kushtua niliweke kwenye ukurasa wa namba shufwa, msomaji akutane nalo anapofunua. Hilo nimelielewa (nilichelewa tu). Sasa, nyie mnaanza na skripti kamili, fremu kwa fremu, au mnachora kwanza maneno yaje baadaye? Na fremu moja ibebe maneno mangapi? Mwenye ukurasa wake wa skripti anirushie niuone, tafadhali.