Nikigeuka ukutani pumzi inakata, wenzangu wenye umri mnafanyaje?

Mstaafu wa Chumbageni
Habari zenu. Nina miaka 64, nimestaafu, niko hapa Tanga. Kuogelea nimekulia Raskazone, na hadi leo maji yakijaa na bahari ikitulia naingia, napiga mkono polepole saa nzima wala sitweti. Sasa ni msimu wa kusi, bahari imechafuka, nimehamia bwawa la mita 25. Nataka nimalize mita 1500 bila kusimama.

Shida ni ukuta. Nikishapinduka, yaani kubingirika kichwa chini mbele ya ukuta, na kusukuma kwa miguu, naibuka kifua kinawaka, na mikono mitatu ya kwanza naipiga ovyo, natafuta hewa tu. Mita 400 hazifiki nimekwisha. Daktari amenipima presha na moyo, kaniruhusu. Je, ni uzee au kuna ufundi nisioujua? Naipenda sana hii kazi ya maji, sitaki kuiacha.

Kocha Dada
Shikamoo baba. Nafundisha watu wazima, na wengi waliokulia baharini wanakwama hapohapo. Mita 1500 kwenye bwawa hilo ni kugeuka mara 59, na kila mara unakaa sekunde kadhaa bila hewa, tena wakati miguu inafanya kazi nzito. Baharini hukuwahi kudaiwa hivyo.

Kinachowaka kifuani si oksijeni kwisha. Ni kabonidayoksaidi iliyojaa kwenye damu, ndiyo inayokulazimisha uvute hewa. Kwa hiyo angalia unavyotoa pumzi kabla ya kuangalia unavyovuta. Uso ukiwa majini toa puani taratibu, mapovu yasikatike, ila bakiza kidogo cha kutoa wakati unapinduka ili maji yasipande puani. Wanaoshindania sekunde huambiwa wasivute hewa kwenye mkono wa mwisho kabla ya ukuta. Wewe vuta! Ukishasukuma, usikae chini. Kanuni ya mashindano inataka kichwa kiwe kimetokeza kabla ya kupita mita 15, lakini hakuna anayekulazimisha ufike huko. Ibuka mapema, vuta hewa mkono wa kwanza au wa pili, na mateke punguza, maana mapaja yanakula oksijeni kuliko mikono.

Bibi wa Makorora
Kaka, kwani nani kakwambia lazima upinduke? Kwenye mtindo huru (freestyle) kinachotakiwa ni sehemu yoyote ya mwili iguse ukuta. Mimi naushika kwa mkono mmoja, navuta magoti chini ya tumbo, mdomo unatoka juu ya maji navuta pumzi moja ya kushiba, halafu kichwa kinazama ubavu na miguu inasukuma. Napoteza muda kidogo, lakini naondoka na kifua kilichotulia. Kwa umri wetu moyo haupandi kama zamani. Kwa lile kadirio la 220 kutoa umri, wewe kikomo chako ni kama mapigo 156 kwa dakika, kwa hiyo ukishatweta unachelewa kurudi. Afadhali usitwete kabisa.

Mvuvi Mstaarabu
Naongeza moja, na nalisema kwa uzito. Asije mtu akakushauri uheme harakaharaka kabla ya kuzama, au ujizoeze kubana pumzi peke yako. Ile hamu ya kuvuta hewa inachelewa kuja, unazimia majini bila dalili. Na ukipata kizunguzungu kila ukipinduka, rudi kwa daktari, huenda ni sikio la ndani.

Mstaafu wa Chumbageni
Marahaba mwanangu, na dada yangu asante, ndugu Mvuvi nimekusikia. Leo nimegeuka kwa mkono kama alivyoeleza Bibi, mita 400 nimezipita na nilikuwa bado nasikia nguvu mabegani. Ila sitaki kuacha kupinduka, napenda kugeuka hivyo. Upande mmoja wa bwawa maji yananifika kiunoni, mwingine ni kirefu. Nifanyeje?

Kocha Dada
Baba, upande wa kina kifupi geuka kwa mkono siku zote, usijeumia kichwa. Pinduka upande wa kina kirefu tu. Ukianzia huko, kwenye 1500 utapinduka mara 29 badala ya 59, na kila ukipinduka unajua ukuta unaofuata utapata pumzi kamili. Ukianza kutweta, geuka kwa mkono pande zote mbili mpaka mapovu yatoke taratibu tena, ndipo urudie kupinduka.