Natafuta kikundi cha AA Dar, nimeacha pombe jana

FundiWaya, Jumatatu usiku
Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 41, fundi umeme, naishi Mbagala. Kwetu ni Rombo, nimekulia nyumba ya mbege, lakini mbege siilaumu. Mjini ndiko nilikoanza viroba, ile pombe kali ya vifuko vya kupasua kwa meno: kimoja mfuko wa shati, kingine kwenye boksi la spana. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 nikajua nimeokoka. Wiki ileile nikahamia chupa ndogo.

Jana sikunywa, leo sijanywa. Ijumaa nilikuwa juu ya ngazi nafunga meni swichi kwa mteja, bisibisi ikanidondoka mara tatu. Msaidizi wangu, kijana wa miaka 19, akanishika kiuno akasema, "Bosi shuka, nitamalizia mimi." Nikashuka. Mwenye nyumba hakusema kitu.

Nasikia kuna watu wa AA (Alcoholics Anonymous), walevi wanaokutana na kusaidiana kuacha pombe. Dar wapo? Wanaongea Kiswahili? Kuna ada? Ni kanisa? Na je, lazima nisimame nijieleze? Hapo ndipo naogopa zaidi, maana wateja wangu ndio majirani zangu.

NesiWaZamu
Kaka, kwanza nijibu hili: ulikuwa unakunywa kila siku? Aliyezoea kila siku akikata ghafla, siku 3 za mwanzo ni za hatari. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio. Wengine wanaanguka na kukakamaa kama wenye kifafa, wengine wanaona wadudu ukutani. Watu hufa kwa hali hiyo. Nenda hospitali usiku huu, useme ukweli wote wa kiasi unachokunywa. Zipo dawa za kukuvusha, na watakupa vitamini B1, maana ikipungua ubongo unaumia. Usibaki peke yako. Na ngazi usiiguse.

FundiWaya
Kila siku, miaka 12 sasa. Shuka limelowa jasho. Mke wangu amesoma hapa, ametoka kutafuta bajaji.

KakaWaTemeke
Mdogo wangu, mimi nina miaka 6 bila pombe. Vizuri umeenda, mkutano utaukuta.

AA ilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Bill, mtu wa biashara ya hisa, na Bob, daktari wa upasuaji, wote walevi, waligundua kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambiana ukweli, siku inapita bila kunywa. Mpaka leo kazi ni hiyo. Ada hakuna. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na pango. Ukiwa huna, unakipitisha kwa mwenzio. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Mungu atatajwa, ni kweli, lakini kila mtu kwa anavyomwelewa. Nimekaa na Waislamu, Walokole, na mmoja asiyeamini kabisa. Mikutano mingi iko kwenye kumbi za makanisa kwa kuwa huko nafasi hupatikana. Mimi niliona msalaba ukutani nikageuzia mlangoni, nikapoteza mwaka mzima. Wewe ingia. Jina la kwanza linatosha. Zamu yako ikifika sema "leo nasikiliza," inapita.

Kuupata ndiko kugumu. Ratiba hubadilika na ukumbi unaweza kuhama, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda daladala. Tovuti ya aa.org ina sehemu ya kutafuta kwa nchi. Waulize pia kitengo cha afya ya akili hapo hospitali, na soba hausi ya karibu, yaani nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya. Soba utakuta zaidi watu wa NA (Narcotics Anonymous), kikundi kama AA ila cha dawa za kulevya, lakini kwao pombe nayo ni dawa ya kulevya, hawakufukuzi, na Kiswahili chao ni cha mtaani. Mkutano wangu wa kwanza wa AA ulikuwa Kiingereza kingi, nikaambulia nusu. Nilirudi kwa sababu ya mzee mmoja aliyeniketisha kwenye benchi baadaye akanieleza yote kwa Kiswahili, taratibu, mpaka giza likaingia. Mikutano ya Zoom ipo usiku na mchana, ila mingi ni Kiingereza.

Nimekutumia namba yangu inboksi. Ukiruhusiwa nipigie, twende wote.

MamaWawili
Mke wake naye asisahauliwe. Nilimwaga chupa, nikaficha mshahara, nikapiga simu kazini kwa mume wangu kudanganya kwamba ana malaria. Familia zina kikundi chao, Al-Anon, kipo tangu 1951. Dada, ukitaka wa kuongea naye, niandikie hata usiku wa manane.

FundiWaya, Jumapili ya wiki iliyofuata
Nililazwa siku 4. Nesi, Mungu akuweke. Usiku wa pili nilikuwa naona nyaya zinatembea darini.

Jana kaka alinisubiri Rangi Tatu kama alivyosema. Tulikuwa watu 9, viti vya plastiki, chai ya tangawizi. Zamu yangu ilipofika nikataja jina, nikasema leo nasikiliza, ikapita. Mama aliyefuata akaeleza alivyokuwa anaficha chupa kwenye ndoo ya unga. Nikaliona boksi langu la spana. Nikaomba zamu irudi.

Alhamisi tena, saa 12 jioni. Kijana wangu wa kazi nimeshamwambia, siku hiyo asichukue kazi ya jioni.