Barkodi au QR kwenye makopo ya siagi ya karanga?

Msindikaji_Moro
Wakuu, habari za humu. Nasindika siagi ya karanga, makopo ya gramu 400 na 800, pamoja na unga wa lishe wa kilo 1. Supamaketi wanataka barkodi. Mimi nataka pia, bechi moja ikikutwa na sumukuvu, nirudishe makopo ya bechi hiyo tu na si mzigo mzima. Kuna anayeniambia barkodi zimepitwa na wakati, nibandike QR basi. Printa yangu ni ya nukta 203 kwa inchi, stika ni za milimita 40 kwa 25. Nianzie wapi?

PauNaNukta
Mkuu, hapo una kazi mbili na kila moja ina alama yake.

Kaunta ya malipo inataka kujua hii ni bidhaa gani ili ivute bei. Hiyo ni kazi ya EAN-13, barkodi ya milia yenye tarakimu 13. Skana za leza zinasoma milia tu, ukizionyesha QR hazilii kabisa. Ni kweli GS1, shirika linalosimamia namba za barkodi, wameweka lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 kaunta za maduka ziweze kusoma na alama za mraba, lakini lengo hilo haliifuti EAN. Muulize mwenye duka skana yake ni ya leza au ya kamera kabla hujachapa chochote.

EAN-13 haina nafasi ya bechi. Kopo la leo na la mwezi ujao yanabeba namba ileile. Kwa upande mwingine, kopo la 400 na la 800 ni namba mbili tofauti, na ukibadilisha uzito unachukua namba mpya.

Namba usiitunge kwenye tovuti za bure. Zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Ukibuni yako, siku moja kaunta italeta sabuni ya mtu mwingine na bei yake. Kama ni kwa matumizi ya ndani ya stoo tu, namba zinazoanza na 200 hadi 299 zimetengwa kwa ajili hiyo. Na 620 haimaanishi karanga ni za Tanzania. Inaonyesha tu namba ilitolewa na GS1 ya wapi.

FundiLebo
Niongezee upande wa printa, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Nukta 203 kwa inchi ni nukta 8 kwa milimita, kila nukta milimita 0.125. Mlia mwembamba wa EAN-13 kwa kipimo kamili ni milimita 0.33, na usishuke chini ya 0.264. Printa yako haiwezi kuchapa nukta mbili na nusu: ni mbili (0.25, umeshavuka mpaka) au tatu (0.375). Alama nzima ina vipande 95 vya upana wa mlia mwembamba, ongeza nafasi nyeupe 11 kushoto na 7 kulia, jumla 113. Zidisha kwa 0.375 unapata milimita 42.4. Stika ya 40 haitoshi. Agiza za 50 kwa 30, au tafuta printa ya nukta 300, ambayo kwa nukta nne kwa mlia inatoka milimita 38 na kidogo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupakua picha ya barkodi, kuibandika kwenye Word na kuivuta pembeni hadi ienee. Milia inaangukia katikati ya nukta, mingine inanenepa, mingine inakonda. Kwa macho inapendeza, skana inakataa. Tumia programu ya lebo inayoiamuru printa ichore barkodi yenyewe.

Karatasi ya joto isiyo na utepe wa wino ni ileile ya risiti za EFD, na unajua zinavyofifia. Mafuta ya karanga yakigusa ndiyo basi. Chukua printa yenye utepe, stika ya plastiki, utepe wa rezini. Joto la kichwa usilipandishe mno, milia itavimba na vijiraba vya QR vitashikana.

Kopo likiwa jembamba, milia ilale kama vidato vya ngazi, si kama fito za uzio, ili mwanga wa skana upite kwenye upande ulionyooka. Na stika isiwe ya kuonyesha ndani: mlia mweusi juu ya kahawia ya karanga hauonekani vizuri. Weka msingi mweupe. Milia myekundu usithubutu, kwa skana ya mwanga mwekundu nyekundu ni sawa na nyeupe.

StooKuu
Sasa bechi. QR inafaa, ila yenyewe haifuatilii kitu. Kinachofuatilia ni daftari lako: bechi, siku ya kusaga, magunia yalitoka kwa nani, makopo mangapi, yalienda duka gani. Bila hiyo QR ni pambo. Bechi iwe siku moja ya kukaanga na chanzo kimoja cha karanga. Ukichanganya magunia ya wakulima wanne, sumukuvu ikionekana utarudisha vyote vinne.

Namba ya bechi iwe fupi: K26104, yaani karanga, 2026, siku ya 104 ya mwaka (14 Aprili). Ichapwe pia kwa maandishi, maana stika huchanika.

Ndani ya QR weka kiungo cha tovuti yako mwenyewe: https://mfano.co.tz/01/ kisha namba ya bidhaa yenye sifuri mbele kutimiza tarakimu 14, halafu /10/K26104 (01 hutangulia namba ya bidhaa, 10 hutangulia bechi). Hizo ni herufi 47. Kwa kiwango M cha kurekebisha makosa, kinachostahimili uharibifu wa kama asilimia 15, inatoka mraba wa 33 kwa 33. Ongeza nafasi nyeupe ya vijiraba 4 kila upande, nukta nne kwa kijiraba, unapata milimita 20.5. Huduma za bure za kufupisha viungo ziepuke. Zikifungwa, makopo yako tayari yako rafuni.

Kwenye katoni bandika Code 128, barkodi ya milia inayobeba herufi na tarakimu, yenye bechi. Mpakiaji anascan katoni, si kopo 24.

Msindikaji_Moro
Shukrani sana wakuu. Skana nikiichomeka kwenye kompyuta, Excel inaonyesha 6.2E+12. Skana mbovu?

StooKuu
Hapana. Skana inajifanya kibodi, inaandika tarakimu na kubonyeza Enter. Excel ndiyo inaifupisha namba ndefu. Geuza safu nzima iwe ya maandishi *kabla* ya kuscan, la sivyo namba za tarakimu 14 zitapoteza sifuri ya mbele.