Alama za GPS za bustani: ahadi ya mmoja inaifunga timu nzima?

Swali (mtafiti wa jamii, Lubumbashi)
Ndugu watafiti, nawasalimu. Pamoja na mtaalamu wa udongo, daktari na mchumi, tunapima kadmiamu, metali yenye sumu, katika mboga za Penga Penga, mtaa ulioangukiwa miaka mingi na moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1911. Niliwaahidi akina mama kwamba hakuna atakayetambulika. Mmoja wao alitukatia lengalenga (mchicha) kwa kisu chake, akatufungia mafungu matatu, akakataa fedha. Sasa mwenzetu wa udongo anataka kuchapisha alama za GPS za kila tuta, kwa kuwa katika fani yake kipimo kisicho na mahali hakiaminiki. Lakini kila tuta lina mwenyewe anayejulikana soko zima, hivyo alama hiyo ni sawa na jina lake. Je, ahadi yangu inamfunga mtu ambaye hakuitamka?

Jibu (daktari, Bukavu)
Inamfunga, maana sampuli anazopima zilipatikana kwa ahadi hiyo. Sisi madaktari tumelelewa katika Tamko la Helsinki la 1964, linalotanguliza haki za mtu kuliko haja ya elimu. Mwenzenu hakulelewa humo, wala si kosa lake, kwani udongo hauombwi ridhaa. Linalonisumbua zaidi ni hili: yule mama ameshaambiwa kilichomo katika lengalenga anayowapikia watoto wake?

Muulizaji
Bado, daktari. Mtaalamu wa udongo anataka kwanza kurudia vipimo, naye mchumi anahofia wateja watazikimbia hata mboga zilizo salama.

Jibu (mwalimu wa kilimo, Lubumbashi)
Hofu zote mbili ni za kweli, ila muda huo mboga zinaendelea kuliwa. Rudieni vipimo upesi, kisha mwendeeni kila mama kwake, si sokoni, tena msiende mikono mitupu. Mwelezeni kwamba kuosha huondoa vumbi la majani tu, si kilichopandishwa na mizizi. Chokaa na samadi, kwa kupunguza ukali wa udongo wenye asidi, huizuia kadmiamu isipande kwa wingi. Bajeti ya chokaa mlikuwa nayo? Kuhusu GPS, chapisheni matokeo kwa mtaa mzima, na alama kamili waonyesheni wahakiki wa makala yenu peke yao, kwa masharti ya maandishi.

Muulizaji
Bajeti ya chokaa hatukuwa nayo, mwalimu, kwa sababu hakuna aliyetuuliza tukishapima tutafanya nini. Kesho nitaipeleka hoja hiyo kwa wenzangu kabla ya ile ya GPS.