Sentensi moja tu, ukamjua mtu: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Nakuru
Wadau, mimi huandika hadithi fupi usiku watoto wakishalala. Juzi nilimaliza kurasa mbili nikimchora baba bahili: koti, viatu, mpaka mikunjo ya shingo. Nikasoma, nikaona simwoni. Kesho yake nikapanda matatu kutoka Free Area, mzee mmoja akashuka mbele yangu, nami nikaandika kwenye simu: "Baba huhesabu chenji mara mbili, ya pili gari likishaondoka." Kurasa mbili nikazifuta.

Hiyo "hu" ndiyo inayobeba mzigo. "Alihesabu" ni ya siku moja. "Huhesabu" ni maisha yake yote. Na kumbe bahili wangu anaogopa kugombana na makanga! Hilo sikulijua mpaka nilipoliandika.

Nyinyi je? Ya kuandika au ya kusikia, yote sawa.

Wa Dunga, Kisumu
Mama aliuza samaki hapa ufuoni. Alipofariki, jamaa walitaka wasifu useme "mkarimu, mcha Mungu, mchapa kazi", maneno ambayo kila marehemu husomewa. Mimi nikasoma hivi: "Kila jioni samaki wa mwisho alikuwa ameshanunuliwa, na mnunuzi hatukuwahi kumwona." Watoto wa jirani, siku hizi watu wazima na ndevu zao, walikuwa wameketi safu ya pili. Wakainamisha vichwa. Sikuongeza neno.

Wa Kondele
Yangu fupi. Mwenye nyumba wangu: "Mimi sina haraka, nataka tu iwe leo."

Mwalimu, Kakamega
Enzi za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilisahihisha insha nyingi zinazoanza na jua kuchomoza na ndege kuimba, methali tatu kabla ya mtu kuamka. (Tuliwafundisha wenyewe, tusiwalaumu.) Halafu msichana mmoja, mwandiko mbaya kweli, akaandika kuhusu mazishi: "Shangazi alifika matangani na kiti chake." Nikaweka kalamu chini. Hakusema shangazi ana maringo, wala kwamba hawaelewani na wenye boma. Kiti kilitosha.

Mwanzisha mada, Nakuru
Mwalimu, sasa huyo shangazi alipoenda kupakuliwa chakula, kiti kilibaki na nani?

Mwalimu, Kakamega
Ndiyo ilikuwa sentensi iliyofuata. Alikwenda nacho.