Mafundi wa seva huku Kusini, hii 777 mtaacha lini?

Wakuu, uzi huu ni wenu mnaozunguka Mtwara na Lindi kufunga seva za Linux maofisini. Mtu akilalamika "folda haifunguki", mnachapa chmod -R 777 (amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, kwenye folda na vyote vilivyomo), mnafunga begi, mnadai chenu. Mhasibu kafungua, sawa. Na kijana wa fildi aliyefika juzi naye anaweza kufuta malipo ya korosho ya msimu mzima!

Kinachoudhi ni kwamba ugonjwa wenyewe mara nyingi ni herufi moja. Kwenye folda, r ni kuona majina yaliyomo, x ni kupita, na w ikiwa pamoja na x ni kuongeza, kubadili jina na kufuta. Folda moja tu ya njiani ikikosa x, za ndani hazifikiki hata uzipe 777 mara kumi. Chapa namei -l /data/hesabu/malipo, utaoneshwa ruhusa za kila hatua na utaona ulipokwama. Dakika moja haiishi.

Halafu kuna wanaoweka faili 444 (wote kusoma tu) na kumwapia bosi kwamba halifutiki. Linafutika! Kufuta kunaamuliwa na folda, si na faili: mwenye w na x kwenye folda analiondoa hata kama haruhusiwi kulisoma.

Ilitakiwa hivi. Tengeneza kikundi kwa groupadd hesabu, kisha mwingize mtu kwa usermod -aG hesabu na jina la mtumiaji. Ukisahau hiyo a, umemng'oa kwenye vikundi vyake vingine vyote vya ziada. Na lazima atoke aingie upya. Wengi hapa ndipo wanapodhani imegoma, wanairudia 777 yao. Kisha ipe folda kikundi hicho kwa chgrp hesabu /data/hesabu, na chmod 2770 /data/hesabu (770 ni ruhusa zote kwa mwenye folda na kikundi, wengine hakuna). Hiyo 2 inafanya faili jipya lirithi kikundi cha folda, si cha aliyelitengeneza. Ukitaka kila mtu afute la kwake tu (ukiacha mwenye folda na root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo), iwe 3770.

Bado. umask (kichujio cha ruhusa za faili jipya) ikiwa 022, wenzake aliyetengeneza faili watalisoma tu, hawataandika. Dawa ni ACL (orodha ya ruhusa za ziada) ya kurithiwa: setfacl -d -m g:hesabu:rwx /data/hesabu. Ila ls -l ikishaonesha alama ya + mwishoni mwa ruhusa, kaa mbali na chmod: tarakimu ya kikundi hapo inabadili maski (kikomo cha ruhusa za ACL), na unaweza kuwapunguzia watu ruhusa bila kujua.

Na ile kesi ya "lingine linafunguka, hili hapana": faili lililohamishwa kwa mv ndani ya diski ileile linabaki na kikundi chake cha zamani. Lililonakiliwa kwa cp linarithi cha folda.

Aliyepiga 777 kwenye /home nzima ndiye bingwa wenu. Watu wanakataliwa kuingia kwa funguo zao, kwa sababu SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) haiamini funguo zilizo kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuiandika.

chmod haina kumbukumbu ya ruhusa za zamani, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Mlioharibu folda za kazi anzeni na find /data/hesabu -type d -exec chmod 2770 {} + kwa folda, kisha hiyohiyo kwa -type f (mafaili) na 660 badala ya 2770. ACL iwekwe baada ya hapo, siyo kabla. Na msithubutu kuiendesha hiyo kwenye / yenyewe, yaani mzizi wa mfumo mzima.